Safari Mbili za Landrova

Hesabu mpya zilipofika shuleni kwetu, wazee wa kijiji chetu cha Waa walizidharau kabla sisi hatujafungua kitabu. Uhuru umeleta bendera, wakasema, sasa unaleta hesabu zenye hadithi. Hawakukosea. Mwalimu wetu, kijana wa bara ambaye wazazi wake walipata shamba kwenye skimu ya makazi huko Msambweni, alitufundisha kwamba swali la biashara ni hadithi tu, na kazi yetu ni kuigeuza iwe mistari. Usichokijua kiite eksi, cha pili kiite wai. Halafu tafuta kila neno linalokubana: hiki kisizidi, kile kisipungue. Unachora mistari, unapaka penseli upande usiotakiwa, na jibu linabaki peupe.

Kitabuni kulikuwa na mwokaji keki wa Ulaya asiyejua aoke keki ngapi. Niliuliza kama hana mke wa kumwamulia. Nikasimamishwa nyuma ya darasa, mahali nilipopazoea kuliko dawati langu.

Siku nyingine mwalimu alisema eksi haiwezi kuwa chini ya sufuri, maana hakuna safari iliyo pungufu ya sufuri.

"Na aliyesahau kofia akarudia njiani, mwalimu?"

"Wewe," akasema taratibu, "kesho niletee hadithi ya kwenu. Ikiwa ya uongo, utamwagilia mchicha wa mwalimu mkuu mpaka uive."

Kwetu hadithi ilikuwepo. Kaka yangu wa pili alikuwa anaoa Mkongani, nikaha baada ya sala ya alasiri. Mamangu alikuwa na haja moja tu: amsikie mwanawe akiitikia, kwa masikio yake mwenyewe. Nikaha ya kaka mkubwa aliikosa. Basi liliharibika njiani, akafika watu wakinawa mikono baada ya kula, na mpaka leo hapendi kuzungumziwa pilau ya siku ile.

Basi nikaandika. Watu thelathini na sita. Lori la mnunuzi wa mbata hubeba ishirini, lakini tumepewa safari moja tu. Landrova ya kuazima hubeba wanane. Lori hula galoni tatu kwenda na kurudi, Landrova mbili, na petroli tuliyopata ni galoni saba. Nilidhani nimemkomoa.

Mwalimu alisoma, akavua saa, akaiweka mezani. Alichora mistari mitatu ubaoni na kupaka chaki pande zote, hata ikabaki nukta moja tu. Lori mara moja, Landrova mara mbili. Hakubaki mtu, halikubaki tone. Hata mimi nilipenda, ingawa sikumwambia.

Nyumbani niliitangaza nukta ile kama niliyeizaa mimi. Baba akasema haya, mipango ya shule tuione.

Siku ya siku lori liliondoka likiimba. Landrova ikapeleka wazee, ikarudi kuchukua wa mwisho. Mbele alikaa bibi yangu, ambaye magoti yake hayakumruhusu kupanda nyuma, pamoja na shangazi mwenye mimba ya kukaribia. Nyuma kulikuwa na mabao mawili yanayotazamana, watatu huku na watatu kule, magoti kwa magoti. Mamangu, aliyechelewa kwa kufunga nyumba, alipanda na wanawake wawili. Upande wa pili nikapanda mimi na binamu yangu. Akabaki mmoja, aliyekuwa akipakia masufuria: shemeji yangu, mume wa dadangu mkubwa.

Shemeji alichungulia ndani, akamwona mkwewe, akarudi nyuma kama aliyeona chatu.

Kwetu mkwe humkaribii hivyo. Humgusi, huli naye, sembuse kukaa naye magoti kwa magoti mpaka Mkongani, barabara yenyewe ya kurushana. Thelathini na sita niliwahesabu. Sikuandika nani ni nani wa nani.

"Mimi nitakwenda kwa miguu," shemeji aliyaambia masufuria.

"Mwambieni mume wa mwanangu," mama akasema akitazama paa, "akitembea yeye na mimi nashuka. Siwezi kwenda kumwoza mmoja huku nimemtupa mwingine njiani."

Dereva akasema jua halimngoji mkwe wa mtu. Bibi akageuka kutoka mbele. "Ni nani aliyepanga magari haya?"

Wote wakanitazama.

Mama alivua leso yake ya juu, akabaki na buibui. Pembe moja aliifunga kwenye chuma cha turubai. Upande wa pili hapakuwa na cha kufungia, akanipa mimi.

"Inua, mwanahesabu. Ikishuka, nawe unashuka."

Basi nikaenda Mkongani mkono juu, leso katikati, wanawake kule na wanaume huku. Kwenye kilima cha Kwale mkono ulianza kufa ganzi, leso ikalegea kidogo.

"Mwambie shemejiyo avute miguu," ikasema leso.

"Shemeji, umesikia?"

"Mwambie mama nimeshaivuta mpaka imekwisha."

Nikamsikia mama akibana kicheko. Nikailegeza tena, makusudi sasa, nikapigwa konzi kupitia kitambaani. Alilenga sawasawa bila kuniona.

Adhana ya alasiri ilitukuta tunaingia uani. Mama alishuka, akajifunga leso yake yenye makunyanzi, akakaa karibu na dirisha la chumba cha wanaume. Kaka alipoitikia, sauti ilimkwama kidogo, na mama akamalizia neno kimyakimya kwa midomo. Nilimwona. Hakuniona.

Jumatatu mwalimu aliniuliza kama nukta ilifanya kazi. Nikamweleza. Alikaa akikuna kidevu, kisha akasema hata kwao bara mkwe hakaribiwi hivyo, ila yeye hajaoa, hakuwaza. Akageukia darasa.

"Nani ataniandikia hilo kwa eksi na wai?"

Nilikuwa nalo jibu. Mkono ulioshika leso ukakataa kupanda.