Mama Alivyomwita Jirani Juu ya Ukuta

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, asubuhi niliyomnyamazisha mama yangu mzazi. Jana uliniambia kwamba umeonyeshwa vyumba viwili huko mjini, kimoja uswahilini na kingine kwenye mtaa wa mageti, na ukaniuliza uchukue kipi. Ungemuuliza dalali angekujibu upesi. Jibu langu mimi ni refu, kwa hiyo tulia, kahawa ipo.

Wakati ule, wewe hujazaliwa, serikali ndiyo kwanza imeruhusu biashara huria. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, na mtu akivaa kitu kizuri hakuna tena aliyemuuliza amekitoa wapi. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukinunua kamba wakavu huku kwetu Rufiji, pale Nyamisati, na kuwauza Dar es Salaam. Watoto wakiwa wadogo, tulihamia huko moja kwa moja.

Tulianzia Temeke. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani bomba moja na choo kimoja kwa wapangaji wote. Hapo siri hakuna. Ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua ni samaki gani. Ukigombana na mumeo, asubuhi unapewa pole na mtu ambaye hukumweleza kitu. Nilipachukia, nisikudanganye. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa akifunua sufuria zangu waziwazi, anaonja, kisha ananiambia chumvi haijakolea! Lakini nilipozidiwa na homa, huyohuyo ndiye aliyenibeba hadi zahanati, miguu mitupu. Hilo nililisahau mapema mno.

Mambo yalipotunyookea kidogo tukahamia ghorofani Kariakoo, juu ya maduka. Mtaa una kelele tangu alfajiri, lakini ukifunga mlango wako umefunga. Majirani tulikutana kwenye ngazi tu, kila mtu na mzigo wake, salamu inatolewa huku miguu inatembea. Tulikaa mwaka, nikaona bado hatujafika.

Basi tukapata nyumba kwenye mtaa wa mageti. Ukuta mrefu kuliko mtu, juu yake vimepandwa vipande vya chupa. Njiani anayetembea kwa miguu ni mlinzi au msichana wa kazi, wengine wote wamo ndani ya magari. Wiki nzima sikusikia hata mtoto wa mtu akilia. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia mume wangu, sasa ndiyo tunaishi. Nikaagiza mama aletwe kutoka kijijini kwetu Kiongoroni, aje apumzike, amekata mikoko na kulima mpunga inatosha.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, maisha yake yote msimu wa mpunga ukifika alihamia shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kila familia ina dungu lake, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo. Alfajiri, kabla moto haujawashwa, mwenye dungu hili humwita wa lile: "Jirani weee! Mmeamkaje huko?" Yule huitika, naye humwita wa mbele yake, mpaka sauti izunguke bonde zima. Dungu lisipoitika, watu hawakai kuulizana. Wanaacha kila kitu wanakwenda, maana kule kuna nyoka, kuna viboko, na maji hupanda watu wamelala.

Asubuhi ya pili baada ya kufika mjini, mama alitoka uani, akasimama kando ya ukuta, akaweka viganja mdomoni na kuita. Niliruka kitandani nikidhani tumevamiwa.

"Mama, unamwita nani?"

"Jirani. Tangu nifike sijajua kama wa wazima."

Nikacheka, nikamwacha. Kila siku akawa anaita. Mimi mara nyingi nilikuwa nimekwisha kuondoka kwenda sokoni, sikujua kinachoendelea huko nyuma.

Sasa sikia aibu yangu. Asubuhi moja alikuja kunipitia mfanyabiashara mwenzangu, mwanamke mwenye gari lake na manukato yake. Tumesimama getini, mama akaita. Yule mwenzangu akaniuliza, tena kwa upole kabisa, "Shoga, kumbe huku kwenu wanapita wauza samaki?" Uso ulinishuka. Mimi ninayekula kwa kamba, ninayevaa kwa kamba, nikaona haya kwa sababu ya muuza samaki! Nikamwomba anisubiri garini, nikarudi uani nimefura.

"Mama, basi! Hapa si shambani. Hapa watu hawaitani."

"Lakini ananiitika, Somoe."

"Anakuitika nani? Mbwa wao?"

Mama akanitazama. Akageuka, akaenda kukaa kibarazani. Kuanzia kesho yake hakuita tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliufurahia ule ukimya.

Haukupita mwezi. Siku hiyo tuliondoka asubuhi, watoto wakaenda shule, nikafunga geti kwa kufuli upande wa nje kama nilivyozoea. Niliogopa wezi, nikasema ni kwa usalama wake. Tuliporudi saa kumi alasiri, nyumba ilikuwa inanuka kitu kilichoungua. Mama alikuwa sakafuni jikoni. Upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umekwenda pembeni, macho yako wazi yananitazama. Birika la chai ya asubuhi lilikuwa limekauka na kuungua, na mkaa ulikuwa majivu ya baridi. Alikuwa amelala pale tangu tulipoondoka.

Nilipiga ukelele. Wa kwanza kuingia getini alikuwa mama mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima, amejifunga khanga juu ya gauni. Alikuwa Mhaya, mwalimu mstaafu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, nami sikuwa nimewahi kumwona uso. Alimshika mama miguu, mume wangu akamshika mabega, tukampakia garini, naye akapanda bila kuulizwa.

Hospitalini daktari aliuliza, "Alianguka saa ngapi?" Tukatazamana. Alisema ni kiharusi, na kwamba saa zile zilizopotea ndizo zilizoharibu.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yule mwalimu. Akaniuliza, "Huyu ndiye aliyekuwa akiniita?"

Nikamwambia ndiye.

"Nilikuwa namwitikia. Tangu nifiwe na mume wangu hakuna mtu aliyeniuliza nimeamkaje. Nikawa nakwenda pale ukutani na kikombe changu, namsubiri. Aliniambia kwao ni Rufiji. Aliponyamaza, nikajua amesharudi kwao." Akajifuta macho na pembe ya khanga. "Angekuwa bado anaita, leo asipoita ningekuja kugonga saa ileile."

Sikumwambia kwamba ni mimi niliyemkataza. Miaka yote hii imepita, na nikilikumbuka lile benchi moyo bado unanipasuka.

Mama hakufa. Tulimrudisha huku kijijini, tukamuuguza miaka mitatu, mkono mmoja unafanya kazi na neno halitoki. Kila alfajiri aligeuza uso dirishani, midomo inacheza, koo linajikaza, hakuna sauti. Mimi nipo pembeni na uji mkononi, nalia.

Sasa nikujibu. Chukua chumba unachokiweza. Sitakwambia uswahilini ni peponi, maana huyo wa kufunua sufuria utamkuta na atakuudhi. Wala sikukatazi mtaa wa mageti. Ila popote utakaposhukia, kabla hujatandika godoro, piga hodi kulia na kushoto, taja jina lako na kwenu. Waulize wameamkaje, leo na kesho. Wakikucheka, waache wacheke. Mzazi akija kwako na desturi zake usizionee haya mbele ya wageni, muulize kwanza zina kazi gani. Na usije ukamfungia mtu mzima kufuli kwa nje, ukaita usalama. Akikwambia kuna mtu anamwitikia, mwanangu, nenda ukutani ukasikilize.

Nenda na radhi zangu zote. Mwenyezi Mungu akujaalie jirani mwenye masikio, na wewe akujaalie uwe jirani wa namna hiyo, na asubuhi utakayochelewa kufungua mlango, awepo mtu wa kuja kuugonga. Amin.