Nimeinuka katikati ya mtihani wa dansi

Leo Alhamisi, mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Burundi, nusura nimfelishe mjukuu wangu mtihani.

Mtihani wa dansi, ndiyo. Hapa Stockholm dansi ni somo la sekondari ya juu: unacheza, kisha unaulizwa maswali. (Mimi nilimshauri asome hesabu.)

Aline alichagua ngoma ya kwetu, mikono juu kama pembe za ng'ombe.

Familia zote zilizoalikwa kutazama zilitulia kimya, ndivyo watu wa hapa wanavyotazama.

Lakini kwetu mchezaji akikugusa moyo, unainuka unamjibu. Nyinyi mngeweza kukaa?

Nikajikuta mbele yake, mikono juu.

"Babu, kaa. Ni mtihani," akaninong'oneza kwa Kiswidi.

Mwalimu akazima muziki. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Aline, huyu mzee amefanya nini?"

Aline akavuta pumzi. "Amenijibu. Asipoinuka mtu, ngoma haijakamilika."

"Kumbe. Basi rudieni, wote wawili."

Tumerudia. Amefaulu vizuri sana.

Onyesho la darasa lao ni mwezi wa tano, na Aline ameshaniandikisha nicheze naye.

Ndugu mnaoniuliza kila Krismasi nitarudi lini kuishi kwetu Gitega: sitarudi.