Mtoto wa Mti Aliyeuzwa

Bonsu anajua kuchonga uso mmoja tu. Mimi jirani yake hapa kijijini Ahwiaa, mchonga vigoda, nimemtania miaka yote: "We Bonsu, watoto wako wote mapacha." Hucheka tu. Kazi yake ni akuaba, yule mtoto wa mti ambaye mwanamke anayetafuta uzazi humfunga mgongoni na kumlea. Siku hizi wengi wa watoto hao huenda ng'ambo. Mkewe, Pokuaa, huwapiga picha na kuwauza kwenye duka la mtandaoni la mafundi wa kazi za mikono.

Dada yake Bonsu, Birago, alimbeba wa kwake hadi sokoni mchana kweupe, watu wakimcheka. Miaka ikapita, hatimaye akashika mimba. Ilipofika mwezi wa saba alimleta yule wa mti kwa kaka yake, shanga zake za shingoni zimekatika. Kwetu huachani na mtoto huyo mpaka ujifungue, mimba isije ikadhurika, kwa hiyo ilikuwa kazi ya siku moja. Bonsu akazitunga upya, akamweka benchini, akaenda mazishini.

Huku nyuma ikaja oda. Pokuaa akachagua aliyeng'aa kuliko wenzake, akidhani mumewe kamsugua vizuri, akamfunga kwenye boksi na kumtuma. Bonsu aliporudi hakumwona, akajua dada yake kamchukua. Kumbe Birago miguu imemvimba, mkunga kamlaza ndani wiki kadhaa.

Siku aliyokuja kumchukua nilikuwepo.

"Wifi, mtoto wangu yuko wapi?"

"Si kaka yako alikupa?"

"Hajanipa mtu."

Birago akawageuza wale wa benchini mmoja mmoja, akiwanusa migongo. "Hawa hawana mafuta yangu," akasema.

Pokuaa akakaa chini kwenye vumbi la mbao. "Nilimtuma," akasema. "Yule aliyeng'aa. Wifi, nimemuuza."

Nimeona mengi kijijini hapa, ila mtoto wa mwenye mimba kuuzwa na wifi yake, hilo sijapata kulisikia. Bonsu akaweka patasi chini, akatusogelea.

"Mwandikie huyo mteja," nikamwambia Pokuaa. "Amrudishe, sasa hivi."

Akafungua simu. Mteja alikuwa keshatuma picha ya shukrani. Ni mama wa makamo, amesimama jikoni kwake, dirishani theluji. Akuaba hakuwa rafuni. Alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa shali. Chini ameandika kwamba amezika watoto watatu, na kwamba huyu alifika akinukia mgongo wa mama, ndipo akaelewa pa kumweka.

Birago aliitazama picha ile mpaka simu ikazima.

"Usimwandikie," akasema.

"Na wewe je, dada?" Bonsu akauliza.

"Mimi nitaogopa mpaka nijifungue. Lakini kaka, mwanamke amembeba. Nani wa kwenda kumfungua?"

Akaondoka polepole, mikono ameipeleka nyuma kiunoni, kama bado anamshikilia.