Grinlandi ya Shangazi Sabohat

Kwetu, katika mji wa Nurota, kitambaa cha harusi huunganishwa kwa vipande, kikachorwa, kisha kikafumuliwa, na kila mwanamke wa ukoo akapewa kipande chake adarizi. Shangazi yangu Sabohat amewadarizia maua mabibi harusi wa ukoo mzima, na ulimi wake ni mkali kuliko sindano yake.

Zamu yangu ya kuolewa ilipofika, mama, mwalimu wa jiografia, alikataa maua. Alinakili kwenye kitambaa ramani ya dunia ya darasani kwake. Shangazi akapewa kipande chenye Grinlandi.

Baada ya wiki kadhaa alikuja akifoka. "Wifi, kisiwa gani hiki kisichoisha? Kikubwa kama Afrika!"

Mama akacheka. "Dunia ni mviringo, wifi. Ukiilaza kwenye kitambaa, huku juu lazima kuvutike. Kwa kweli Afrika ni kubwa mara kumi na nne."

"Na ukaniacha nitoboke vidole?" Aliondoka hata chai hakumaliza.

Siku ya kuunganisha vipande, tulikuta Grinlandi imedariziwa kipembe kidogo tu. Kwingine kote kulikuwa kitambaa kitupu. Mama akashika kichwa.

"Hicho kipembe ndicho Grinlandi yenyewe," alisema shangazi. "Kwingine ni uongo wa ramani yako. Halafu mila si inataka tuache mahali padogo bila kudarizi, ili raha ya ndoa isiishe? Basi huyu ataona raha mpaka achoke."

Kitambaa bado kiko juu ya kitanda chetu, na mvi zimeniota. Sijachoka.