Msoma Mita Anayelilia Geti Moja

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye sare ya bluu iliyopauka amepiga magoti kwenye kona ya ua wa nyumba ya watu. Mkono wake mmoja umezama hadi kiwiko ndani ya shimo la mita. Anatoa majani makavu, anatoa mfuko wa plastiki, kisha anauchomoa mkono haraka na kuukung'uta.

"Leo siafu," anasema. "Jana alikuwa chura. Afadhali chura, ana adabu, ukimwambia hama anahama."

Anafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, anaandika, halafu anaisema namba kwa sauti ili mwenye nyumba aisikie. Mwenye nyumba anajibu kutoka jikoni: "Sawa!" Ndivyo utaratibu wa mamlaka ya maji unavyotaka. Msoma mita hatoki mpaka asikie "sawa".

Kila siku anasoma nyumba mia moja na ishirini, na kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na mitatu. Mbwa wamemng'ata mara tatu. Watu wa mitaa hii humwita Mama Mita, na wengi hawajui jina lake jingine.

Mwezi ujao yote haya yanakwisha. Jiji linafunga mita janja katika mitaa hii, zinazotuma namba zenyewe ofisini bila mtu kufungua geti. Nyingine elfu sitini zitafuata katika mitaa iliyobaki. Mama Mita hatafukuzwa. Atahamishiwa dawati la malalamiko, akae kwenye kiti, chini ya feni.

"Mita zenyewe ni nzuri, nisiseme uongo," anasema. "Bomba likivuja watajua siku hiyohiyo. Hakuna tena kukisia matumizi ya mtu. Na magoti yangu yatashukuru."

Kinachomtoa machozi ni geti moja tu, geti la mdogo wake.

Miaka sita iliyopita, mita ya nyumba hiyo iligoma kusogea kwa miezi mitatu, wakati bustani ilikuwa kijani na kamba imejaa nguo. Shemeji yake alikuwa amejiunganishia bomba la kinyemela, linalopita kando ya mita. Mama Mita aliliona. Akaandika kwenye safu ya maoni: "Mita imesimama. Kagua."

Wakaguzi walifika kesho yake. Maji yalikatwa siku arobaini. Mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba, akawa anabeba ndoo kutoka mtaa wa pili.

"Kuandika ningeandika tu, hiyo ndiyo kazi," anasema. "Lakini ningeweza kuingia kwanza, nikamwambia, mdogo wangu, mwambie mumeo aling'oe hilo bomba. Nilikuwa palepale uani kwake. Nikafunga daftari nikaenda zangu, na yeye akanisindikiza mpaka getini akicheka."

Tangu hapo hawajasemezana. Msibani wanakaa pande mbili za chumba. Simu haipokewi. Lakini mita haina ugomvi na mtu, lazima isomwe, kwa hiyo kila mwezi Mama Mita huingia, husema namba, na mdogo wake hujibu "sawa". Kwa miaka sita hayo ndiyo mazungumzo yao yote.

Mengine huyapata kwenye mita. Walitumia uniti tisa kwa mwezi, zikawa kumi na nne mtoto alipozaliwa. Mwezi mmoja zilishuka hadi tano, na Mama Mita hakulala vizuri mpaka aliposikia kwa jirani kwamba walikuwa safarini. Na katika nyumba zote anazosoma, shimo la pale peke yake ndilo halina jani wala siafu. Kioo hukikuta kimeshafutwa. Hajawahi kuuliza anayekifuta ni nani.

Mtoto sasa anakaribia miaka sita. Akimwona hukimbilia ndani akipiga kelele, "Mama, mtu wa maji amekuja!" Mama Mita hajawahi kumbeba hata mara moja.

Jumanne iliyopita alisoma mita hiyo kwa mara ya mwisho. Mdogo wake alikuwa anaanika nguo, amempa mgongo kama kawaida.

"Elfu moja na sita," alisema Mama Mita.

"Sawa."

Mama Mita hakuondoka. Akaisema namba tena, ingawa ilishasikika.

"Nimesikia," alisema mdogo wake. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mwezi ujao unakuja tarehe ngapi?"

"Mwezi ujao haji mtu. Mita itajisoma yenyewe."

Mdogo wake aligeuka. Alikuwa ameshika shati ambalo hajalikamua, na maji yakamchuruzikia miguuni.

"Haji mtu kabisa?"

"Kabisa."

Mama Mita anasema alitamani kusema neno, lakini alifunga daftari akatoka. Alipofika barabarani alilia waziwazi, na muuza vocha akadhani amefiwa.

Sasa ana mpango. Mwezi ujao, siku yake ya mapumziko, atavaa gauni lake la kawaida na kwenda pale bila daftari. Ameshajua atakaloanza nalo, kwamba alikosea kuandika kabla ya kusema.

Na mdogo wake akijibu "sawa" tu, kisha akampa mgongo?

Mama Mita anacheka kidogo, huku akifuta macho kwa mkono wa sare.

"Basi nitarudi mwezi unaofuata," anasema. "Na unaofuata huo. Kurudi kila mwezi ndiyo kazi ninayoijua."