Mpini wa Bastola

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu makumbusho yakiwa yamefungwa, mfagizi alifungua kabati la vioo, akatoa bastola kuukuu ya mfukoni na kuisugua kwa dawa ya shaba mpaka mtu angeweza kujitazamia meno. Hakuna aliyemtuma. Babu yake, mhunzi, ndiye aliyeitengenezea mpini mpya wa shaba, ule wa kwanza ulipovunjika, na kwa ncha ya msumari akakwaruza jina lake pale. Ukoo mzima haukuwa na kingine cha kuringia.

Maandishi ya kabatini yalimtaja mwenye bastola tu, bwana mkubwa fulani aliyejua kuvunja, si kuunda. Mfagizi alimganda mkurugenzi miaka nenda miaka rudi ili babu naye aandikwe. Mwishowe mkurugenzi akachoka, akasema mtaalamu akilithibitisha jina, litawekwa. Wiki ile mfagizi akaisugua bastola mara mbili.

Mtaalamu akaja na kioo cha kukuzia. Akaugeuza mpini huku na kule, kisha akauliza nani huusafisha.

"Mimi, mheshimiwa," mfagizi akajibu, kifua mbele.

"Basi babu yako umemfuta mwenyewe. Hapa hakuna hata herufi."

Mkurugenzi alicheka, mbavu hana. Mfagizi aliinama kutazama, na kweli, shaba tupu. Jina alilijua kwa moyo, kwa hiyo alikuwa akiliona hata lilipokwisha kutoweka. Maandishi mapya yakatoka: fundi hajulikani, alama zimeharibiwa na usafi mbovu. Mfagizi ndiye aliyeamriwa kuyabandika.

Nyumbani hakusema kitu, muoga yule. Jumatatu iliyofuata shangazi yake, binti wa mwisho wa mhunzi, alijileta mwenyewe makumbushoni, macho hayaoni tena, nguo zimepigwa pasi. Akaomba amshike baba yake mara moja tu. Mfagizi angekataa vipi? Akamwekea bastola mkononi.

Kidole gumba kikapita kwenye mpini, kikarudi, kikapita tena.

"Palikuwa na jina hapa. Nani kalifuta?"

"Sijui, shangazi."

Bibi yule alilia bila sauti, kisha akainua mikono. "Aliyemfuta baba yangu, naye afutike. Wanawe wamsahau angali hai."

Akangoja aitikiwe.

"Amina," akasema mfagizi.