Baba mkwe alilipima kanisa letu kwa fahali

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa mjini Sake ukipiga chafya asubuhi, mchana baba mkwe wangu ameshajua. Nina miaka thelathini na sita, ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina mke na watoto wawili.

Baba mkwe ni mfugaji wa huko milimani Nyamitaba. Ng'ombe anawajua, hilo simnyimi. Lakini kanisa letu lilipoamua kujenga jengo jipya la ghorofa, la vyuma, wazee walimpa yeye ukuu wa ujenzi, kwa sababu gani? Ana sauti nene na ng'ombe wengi, basi. Akaniita nichomelee. Nikamweleza kwa adabu kwamba huku kwetu ardhi inatikisika, na ikitikisika, pale boriti inapoungana na nguzo ndipo panapoteseka. Panataka kuchomelewa pande zote, na bamba, na bulon nene, yaani bolti, ili chuma kijikunje bila kukatika. Akanicheka mbele ya vibarua. "Mukwe, miye nilijenga zizi ya bangombe tangu uko mutoto. Muti inalala juu ya muti, njo mwisho. Gusisha tu moto fasi mbili tatu, tupake rangi."

Nikagusisha. Kwetu mkwe habishani na baba wa mkewe hadharani, na kwa heshima hiyo ya kijinga nikaharibu kona zote nikijua ninachofanya.

Sasa sikieni akili za wakubwa. Siku ya kupima jengo, mzee alileta fahali wake, akamfunga kamba kwenye nguzo, akamchapa fimbo. Fahali akavuta, akachoka, akakojoa. Nguzo haikusogea. Mchungaji akasema Amina! Wazee wazima, suti na tai, wanampigia ng'ombe makofi. Eti tetemeko nalo huvuta upande mmoja, likichoka linakwenda kula majani!

Wiki iliyopita ardhi ilitikisika kidogo tu, hata vikombe kabatini havikuanguka. Nikapanda peke yangu, nikakuta rangi imepasuka kwenye kona tatu. Nikakwangua. Chuma nilichochomelea kimeachana na nguzo, kucha yangu inaingia. Nikamwita mzee. Akatazama, akaagiza rangi nyingine. "Rangi njo imepasuka, chuma iko muzima. Usituletee aibu siku ya kufungua."

Nikamweleza mke wangu kwamba nitasema mbele ya kanisa. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya, na kwaya itaimba huko juu ghorofani, watoto wetu wote wawili wamo. Akanikazia macho: "Ukimuzarau Papa yangu mbele ya bantu, miye narudia kwetu na batoto."

Mzee yule namdharau kabisa. Lakini mikono iliyochomelea ni yangu, kwa hiyo najidharau kumshinda yeye. Kanisa linafunguliwa Jumapili. Nikisimama niseme, nyumba yangu imekwisha. Nikinyamaza, nitakaa chini pale nikiwatazama watu wangu watatu wakipanda ngazi kwenda kuimba. Ninyi msio na mkwe wa kumwogopa, niambieni nifanye nini, na mniambie kabla ya Jumapili.